Geji ya Boila na Siri ya Mteja Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa saplaya! Bado sijasaplai kitu, lakini hiyo ni mambo ndogo. Johana, ndugu ya bibi yangu Nelvine, ndiye anachunga boila kiwanda ya majani chai. Geji ya boila namba mbili imekufa, ile saa ya mshale inaonyesha nguvu ya mvuke. Ukiigonga haiamki. Boila imezimwa, majani ya wakulima inarundikana. Johana akanisemea kwa meneja: shemeji yangu anajua kutafuta vitu, mpeeni nafasi. Meneja akasema sawa, lakini Kebaso wa duka ya spea pia ajaribu. Mwenye ataleta geji inayoingia, atakuwa analeta spea zote hapo. Zote! Nelvine ameshaambia wamama wa kanisa. Sasa nitarudi nyuma aje?

Jioni nikapigia Amondi, mama anauza geji Kisumu. Nikauliza bei ya geji. Akauliza geji gani. Nikasema ya kawaida. Akacheka mpaka nikatoa simu kwa sikio. Akaanza: uso wake upana gani, namba ya mwisho ngapi, skrubu inatoka chini ama nyuma, unene gani, na inapima nini, maji, hewa ama mvuke?

Aha! Mimi si mtoto. Nikisema mvuke, atajua ni boila. Akijua boila, atajua kiwanda. Akijua kiwanda, ananiruka, anauzia meneja mwenyewe, mimi nabaki hapa Roret nikiuza gambuti zangu za mtumba. Nikasema ni ya pampu ya kuosha pikipiki.

Jumanne, 4 Machi

Johana amenipa ile geji imekufa. Akasema huyo mama aione, kila kitu imeandikwa hapo kwa uso. Ni kweli imeandikwa. Shida ni hiyo! Nikapiga picha, nikafunika maandishi yote na stika za maua na roho nyekundu za mapenzi. Nikatuma. Amondi akajibu asante kwa maua, lakini yeye ameolewa.

Akauliza tena namba ya mwisho. Hapa imeandikwa kumi na sita. Nikasema sita. Nimepunguza kidogo tu, ya usalama. Skrubu? Ya kawaida. Akasema pampu za pikipiki huwa na skrubu nyembamba, atume hiyo? Tuma, mama, tuma!

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda kwa ofisi ya mizigo. Nakaa, nasimama, nakaa. Karani ameniuliza kama niko na minyoo. Kebaso akapita polepole akikula mahindi choma. Mtu ako kwa mashindano anakulaje mahindi? Nikamwuliza amefika wapi. Eti amepatia Amondi, huyo huyo Amondi, namba ya simu ya Johana, waongee wenyewe mambo ya boila. Namba ya Johana! Nilicheka nikashika ukuta. Huyo amebeba mteja wake mgongoni akampelekea muuzaji. Kwisha yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Geji imefika! Ndogo kidogo. Sawa, ndogo sana. Johana akaigeuza, akauliza nimeivua mkono ya mtoto wa nani. Skrubu ikaingia kwa tundu ikicheza kama jino bovu. Akasema boila inafanya kazi kwa kumi, na hii namba yake inaishia sita, mshale utafika mwisho kabla mvuke ushike vizuri. Mama Chepchirchir, mwenye majani yake imelala hapo tangu juzi ikigeuka rangi ya tumbako, akapaaza sauti: Shemeji wa boila, umetuletea saa ya kwenda kanisa? Watu wakaanguka kicheko.

Mimi pia ningecheka. Lakini meneja akamwuliza Johana kama mimi ndiye yule alimsifu. Johana akaangalia viatu vyake. Hiyo sikuipenda. Nikasema hii ilikuwa ya kujaribu tu, ya ukweli iko njiani.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nikaambia Amondi mambo imebadilika, sasa ni ya kisima. Akauliza kuosha pikipiki imegeuka kisima aje kwa wiki moja. Nikasema maendeleo. Akaniomba, kabisa akaniomba: baba, nipe tu mtu anaitumia, niongee naye kidogo. Thubutu! Akasema basi hawezi kutuma kitu hajui.

Mchana geji ya Kebaso ikafika. Uso kama sahani. Namba mpaka kumi na sita. Skrubu nene, inatoka chini. Na kapaipu kamejikunja kama mkia wa nguruwe, ya kupoza mvuke kabla ipige geji. Hata hiyo Amondi alijua kuuliza. Johana akafunga, boila ikaamka, malori ikaanza kuingia. Mama Chepchirchir alipiga vigelegele. Meneja akashika Kebaso bega, wakaingia ofisi.

Jumamosi, 8 Machi

Johana amesema kwa sasa nisimsalimie getini. Meneja amemkataza kuleta mtu wa ukoo tena. Wamama wa kanisa wamemletea Nelvine pole na maziwa lala ya mursik. Nikamwambia angojee, Amondi ataruka Kebaso. Akasema Kebaso amepata kazi, Amondi ameuza geji, boila inawaka, nani amerukwa? Nikamwambia biashara haijui. Akaenda kukama.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi mpya! Chama ya maziwa Ndanai wanataka thamomita ya tangi yao ya kupoza maziwa. Nimepigia Amondi. Akaanza tu: inapima nini, inaingia wapi, joto gani? Safari hii nilikuwa tayari. Makosa yangu ilikuwa kusema pampu na kisima, hivyo viko na wenyewe. Nimemwambia mteja ni ng'ombe mgonjwa.

Ng'ombe hana simu. Nani ataniruka sasa?