Simu Yangu Imenisema Mbele ya Mama Mukwe

Jameni, leo nimeaibika mpaka masikio yakapata joto. Tena kwa mama mukwe. Tena kwa sauti yangu mwenyewe!

Nianze asubuhi. Munajua mimi na wenzangu wawili, kule Ndosho, tunatengeneza programu ya akili bandia ya kumusaidia mutu kuzungumza vizuri. Unaongea, yenyewe inasikiliza, kisha inakuambia kama maneno yako yanafaa. Kanuni zake tulizipata kwa Papa Ramesh, muzee anayetuuzia vipuri vya pikipiki. Yeye ni Muhindu. Siku moja, akinitafutia cheni, alinieleza mafundisho ya kale ya dini yao: neno lako liwe la kweli, lisimuumize mutu, limufae anayelisikia. Nikasema, hiyo ndiyo! Mashine za wengine zidanganye na kutukana, yetu itakuwa na adabu. Nikaipa hata sauti yangu. (Kiburi, najua.)

Saa tatu nikavaa robe, yaani gauni, ya kitambaa cha kikwembe aliyonishonea Mama Béatrice, mama wa muchumba wangu Justin, ya siku ya kutambulishwa kwa ukoo wao. Mikono mipana, jameni! Nikampigia dada yangu Neema.

"Dada, nikiinua mikono, upepo utanibeba nivuke mupaka hadi Gisenyi!"

Tukacheka sana. Programu ilikuwa wazi. (Nilikuwa ninaijaribu. Nikasahau kuifunga.)

Saa tano motari akanibeba kwa pikipiki yake hadi Murara, kwa Mama Béatrice. Robe mwilini, simu ndani ya kisakoshi, mukoba wangu mudogo. (Mikono ilipepea njia nzima.) Sebuleni nikamukuta mama mwenyewe, shangazi wawili, na Justin. Wakaniambia nizunguke. Nikazunguka.

"Binti yangu, niambie ukweli," mama akasema. "Umeipenda?"

Ningesema nini?

"Mama, sijawahi kuona robe nzuri kama hii. Hakuna hata cha kubadilisha!"

Kisakoshi kikajibu: "Samahani. Neno hili si la kweli."

Sauti yangu! Shangazi mumoja akanitazama mudomo. Umefungwa.

"Asubuhi ulisema," kisakoshi kikaendelea, bila haraka yoyote, "kwamba ukiinua mikono, upepo utakubeba hadi Gisenyi."

Nikavuta zipu ya kisakoshi nizime simu, ikakwama. (Ingekosaje kukwama?) Nikakikalia kisakoshi. Sauti ikatoka chini yangu, nzito kidogo sasa: "Unaweza kusema hivi: Mama, asante kwa kazi yako. Naomba mikono ipunguzwe kidogo."

Justin alikuwa anatazama dari kama fundi aliyeitwa kuitengeneza. Machozi yakaanza kunilenga. Huyu mama alishona ile robe kwa siku tisa, na macho yake yenyewe yanamusumbua.

Mama Béatrice akavua miwani. Akaniangalia. Akaangalia pale nilipokalia.

"Huyo wa ndani," akasema, "anakushinda adabu."

Kisha akaangua kicheko! Shangazi wakamufuata. Akachukua pini zake, akanisogelea.

"Inua mikono, binti. Polepole, usije ukatuacha."

Wakati wa kurudi nikampigia Papa Ramesh nikamusimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ukweli muliuweka vizuri," akasema. "Ile ya kutomuumiza mutu je?"

"Tutairekebisha, Papa. Haikupaswa kurudia maneno yangu ya siri mbele ya watu."

"Sawa. Na wewe? Wewe ulikuwa unafuata kanuni ipi?"

Nikasema mutandao unasumbua, nikakata. (Mutandao ulikuwa muzuri sana.)

Robe sasa imenikaa, hata Neema amekubali. Ila Mama Béatrice ameomba programu hiyo iwekwe leo leo kwenye simu ya Justin, na Justin hapatikani tangu saa nane. Munaocheka, nisaidieni kwanza kumutafuta.