Ombi la Kuwarudishia Wakutubi Ukali Wao

Ndugu Mkurugenzi wa Maktaba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ikikukuta ofisini itakuwa bahati zaidi. Mimi ni yule mzee wa meza ya dirishani, karibu na rafu ya magazeti. Huenda sura yangu huijui, lakini kiti changu unakijua, maana kimeshachukua umbo langu. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala, hivyo malalamiko si mambo mageni kwangu. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nayapokea na kuyafungia kabatini.

Umebandika tangazo mlangoni ukiomba maoni ya wasomaji kabla hujaamua: je, utaratibu mpya wa kuwapokea vijana wenye usonji, na wengine ambao akili zao zina njia zake za kufanya kazi, uendelee au usitishwe? Wafanyakazi wako walipelekwa mafunzoni, wakarudi, na tangu siku hiyo sina raha. Maoni yangu ni kwamba usitishwe mara moja. Sababu ni hizi zifuatazo.

1. Kadi. Pale mapokezi siku hizi kuna kisanduku chenye kadi za rangi tatu, na msomaji huchukua moja akaisimamisha mezani kwake. Maelezo yake sikuyasoma, kwa kuwa maelezo ni ya wageni. Nikachukua nyekundu, nikiona ndiyo yenye hadhi. Basi, ndugu yangu, nikatengwa! Bi Mhuri, mkutubi wa mapokezi, ambaye miaka yote hajawahi kunipita bila shikamoo na swali kuhusu goti langu, alinipita kama anapita kabati. Mlinzi naye akanipita. Mfagizi akafagia kuizunguka meza yangu kwa adabu ya kutisha. Wiki nzima nilijiuliza nimemkosea nani, mpaka mlinzi aliponihurumia akaninong'oneza kwamba nyekundu maana yake ni "naomba nisisemeshwe", kijani ni "karibu tuongee", na njano ni "nitaanza mwenyewe nikiwa tayari". Nikahamia kijani. Siku hiyo nilisalimiwa hata na fundi bomba, na gazeti sikulifikisha ukurasa wa michezo. Kesho yake nikachukua njano, nikakaa kutwa nzima nikitafuta la kuanzia. Sikulipata. Si haki kumweka mtu mzima katika hali kama ile.

2. Ukimya. Utashangaa msomaji kulalamikia ukimya maktabani, lakini nivumilie. Juu ya meza yangu kulikuwa na taa ya mrija iliyokuwa ikipepesa na kuvuma tangu enzi za mkurugenzi aliyekutangulia. Kuna kijana mmoja akasema mvumo ule unamchoma masikioni. Ikabadilishwa! Mimi nimeusikiliza mvumo ule miaka na miaka, sikuwahi kuambiwa kwamba mtu anaruhusiwa kusema. Bi Mhuri naye alikuwa akigonga mhuri wake kama anaua nyoka, na kishindo kile ndicho kilichokuwa kikiniamsha, yaani kikinirudisha kwenye kusoma. Sasa anagongea juu ya kitambaa. Na mlinzi, aliyekuwa akipiga rungu mezani kijana yeyote akianza kuzungukazunguka, ameambiwa kuzunguka hakuvunji kitabu. Amevaa viatu vya mpira. Siku hizi namwona tu yuko nyuma yangu, na moyo wangu si wa majaribio.

3. Lugha. Hili linanigusa kama mtumishi mstaafu. Wakutubi wako hawasemi tena "subiri kidogo". Wanasema, "Subiri nimalize kupanga rafu hii, kisha nakuja," halafu wanakuja kweli! Eti walifundishwa kwamba kuna vijana ambao neno "kidogo" linawatia wasiwasi, kwa sababu hawajui ni kidogo kiasi gani. Ndugu Mkurugenzi, hakuna ajuaye ni kidogo kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi yake. Pale masjala tuliendesha ofisi nzima kwa maneno hayo mawili, na waliochoka walikwenda zao nyumbani kwa amani.

4. Mjukuu wangu, na konokono. Hapa naomba uketi.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, anaishi kwetu na anasoma sekondari. Nyumbani hula ameelekea ukutani, masikio ameyaziba, na maongezi yetu huenda vizuri tu: mimi naongea, yeye anatazama sahani. Nikimwambia aniangalie machoni ninapomsemesha, anainuka anakwenda chumbani. Bibi yake huniambia nimwache. Mimi humjibu kwamba huyu ni mjukuu, si mpangaji.

Sasa, binti huyohuyo, ndani ya maktaba yako, anazungumza! Nimemsikia mwenyewe nikiwa nyuma ya gazeti. Alisimama mbele ya Bi Mhuri akamweleza habari za konokono, kuanzia meno mpaka ute, huku akiyumba mbele na nyuma na macho yake yako darini. Na Bi Mhuri, badala ya kumkatiza kama mtu mzima mwenye shughuli zake, akaweka kalamu chini, akauliza swali! Hakumwambia amtazame. Hakumwambia asimame vizuri. Nimedadisi, nikaambiwa walifundishwa hivyo. Mimi ni babu yake wa damu, nimemlisha, nimemvisha, nikaja kuzipata habari za meno ya konokono kwa kudokoa, kama mwizi. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Kama hilo halitoshi, wamemruhusu kuweka konokono hai ndani ya chombo cha kioo pale mapokezi, na amempa jina. Amemwita Babu. Watu wanaingia asubuhi wanauliza, "Babu ameamkaje?" Mimi nageuka kuitikia, kumbe wameinamia kioo. Najua mwendo wangu si wa kasi, lakini kuna mipaka. Nataka jina hilo lifutwe.

5. Maambukizi. Mambo haya hayakai maktabani. Mke wangu alikuja mara moja tu kumletea mjukuu sweta. Akarudi nyumbani ameanza kuniuliza swali moja kwa wakati mmoja, kisha ananyamaza kungoja jibu. Mimi katika ndoa yetu sijazoea kungojwa. Nimeanza kusema mambo ambayo sikuwa nimepanga kuyasema. Ukiliachia hili, kesho mtu atakwenda idara ya maji na kutaka aelezwe waziwazi aje lini na aje na nini. Keshokutwa ataelezwa. Tutakuwa na ofisi ambazo mwananchi akitoka amepata alichofuata, na makarani watakaa wanatazamana.

Kwa hiyo naomba wafanyakazi wako wapewe mafunzo mapya ya kusahau yale ya kwanza. Nipo tayari kuyaendesha mwenyewe. Somo la kwanza litakuwa kunyamazisha watu kwa kelele kubwa kuliko zao. La pili, kumkazia mtu macho mpaka asahau alichokuja kuuliza. La tatu ni la vitendo, nalo ni "njoo kesho". Natambua kwamba mjukuu wangu ataumia, kwani hapo kwako ndipo mahali pekee anapokwenda bila kusukumwa. Lakini mimi ni mtu wa haki, na haki haina mjukuu.

Nisalimie Bi Mhuri, ambaye sina kinyongo naye isipokuwa hicho nilichoeleza. Msalimie mlinzi na viatu vyake, mfagizi, fundi bomba, na vijana wote wa kile chumba cha taa hafifu mlichowatengea. Konokono asisalimiwe.

Wako katika heshima na kero,

Mzee wa Meza ya Dirishani
(kiti kisihamishwe)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Ningeiandika upya, lakini karani hachani karatasi iliyokwisha kutiwa saini.

Nilikuwa nimezileta nyumbani zile kadi tatu ili niziambatanishe kama vielelezo, nikaziacha mezani. Wakati wa chakula mjukuu wangu akaziona. Akachukua ya njano, akaisimamisha kando ya sahani yake, kisha akageuza kiti kutoka ukutani. Nilikuwa nafungua mdomo, bibi yake akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikanyamaza. Ndugu Mkurugenzi, nimefanya kazi nyingi maishani, hakuna iliyonitoa jasho kama ile. Chakula kikapoa. Nikatazama sahani yangu, nikagundua ina maua.

Halafu akaanza, mwenyewe. Akasema ardhi ikikauka konokono hujifungia ndani ya nyumba yake, akaziba mlango kwa ute, na watu hudhani amenuna au amekufa. Hajanuna. Anangoja unyevu. Ukimgongagonga hatoki, ukimnyunyizia maji polepole na kusubiri, atatoka. Nikauliza swali moja, na sauti yangu sikuitambua. Akajibu. Nikauliza la pili: kwa nini Babu? Akasema, huku akikitazama kijiko, kwamba kila akiingia maktaba hunikuta nimeshafika, kama huyo konokono, na yeye hupenda kukuta mtu ameshafika.

Basi, yale niliyoandika hapo juu yafungie kabatini. Utaratibu uendelee. Yakiitishwa mafunzo mengine na pakawa na nafasi ya babu mmoja, nitakaa nyuma na sitasumbua. Nyekundu na kijani nitazirudisha kesho, lakini ya njano hairudi, iko mezani kwetu inafanya kazi. Na lile jina la konokono liacheni kama lilivyo.