Mtaa Unaompenda Meya Kuliko Yote

Habari ya Meya kuzomewa ilimkuta Nukta kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na jingine bado. Redio ilisema kwamba Mheshimiwa Meya, akiwa amekwenda kuzindua choo cha stendi, alizomewa na wananchi mpaka mkasi wa kukatia utepe ukamponyoka. Wateja wote wakaangua kicheko. Nukta peke yake hakucheka. Alifumba macho akatulia, kama muumini aliyesikia mahubiri yanayomhusu.

"Maliza upesi, bwana," alimwambia kinyozi. "Nina ofisi ya kufungua."

"Ofisi ya nini tena?"

"Hilo nitalijua nikishafika njiani."

Mjini walimwita Nukta kwa sababu ya ufundi wake mmoja. Tapeli wa kawaida akitaka kukudanganya atakwambia watu tisini kwa mia. Yeye alisema themanini na tisa nukta saba, na msikilizaji akaona haya kubisha, maana nani atajisumbua kubuni hiyo saba? Kwa saba hiyo alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele, bima ya kuku, na viwanja viwili vya kando ya ziwa, kimoja kikiwa ndani ya ziwa lenyewe. Nje ya shughuli hizo za kitaifa alikuwa mume wa msusi. Waliishi katika nyumba ambayo mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwachia binti yake, tena mbele ya mashahidi, ili mkwe asije akajisahau. Chumba cha mbele kilikuwa saluni. Saluni iliilisha nyumba chakula, Nukta aliilisha maneno.

Kesho yake alipanda ngazi za ofisi ya Meya amevaa miwani isiyo na kazi, na mfukoni ana kadi mpya: "Taasisi ya Utafiti wa Maoni na Mielekeo ya Umma, Mkurugenzi Mkuu". Alipokewa na Katibu wa Meya, mtu mwembamba, mpole, wa kunywa maji ya moto na kusikiliza sana. Nukta alimpenda papo hapo. Watu wanaosikiliza sana ndio waliokuwa wakimlipia kodi ya maisha.

"Mheshimiwa alizomewa," Nukta alianza kwa huzuni.

"Tunajua. Tulikuwepo."

"Lakini walizomea wangapi? Hakuna anayejua! Kelele si takwimu, mkuu. Mtu mmoja mwenye mapafu mazuri anasikika kama ishirini. Mnachohitaji ni utafiti wa kisayansi, mjue walionyamaza wanasema nini."

"Wanasema nini?"

"Wanampenda. Ila lazima kwanza nikawaulize."

Katibu alitabasamu. Alikuwa na masharti madogo tu. Matokeo yatolewe mtaa kwa mtaa, kila mtaa na asilimia yake. Yawepo maneno ya wananchi wenyewe pamoja na kazi zao, maana Mheshimiwa hupenda kusikia sauti za watu wake. Na kwenye dodoso liongezwe swali moja: je, mtaa wenu uko tayari kupokea mradi wowote wa maendeleo utakaoletwa na Meya?

"Una watafiti wangapi?" aliuliza.

"Arobaini," alijibu Nukta, aliyekuwa na kalamu mbili.

"Inatosha," Katibu alisema, na hakuuliza zaidi. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Nukta alikuwa na ujanja, na hicho ni kitu kingine kabisa.

Watafiti arobaini walifanya kazi kwa bidii juu ya kitanda cha Nukta, wamelala chali. Mitaa ya mbali ilipewa hamsini na kitu, sitini na kitu, kwa kuwa sayansi isiyopanda na kushuka haipendezi. Kulikuwa na mtaa mmoja mpya, wenye majumba makubwa na mageti marefu, ambamo Nukta hakumjua hata mtu mmoja. Akauandikia hamsini na mbili nukta nane, akageuka upande wa pili.

Shida ilikuja kwenye maneno ya wananchi. Kubuni mtu ni rahisi, lakini kumbuni na kazi yake na namna anavyoongea ni kazi ngumu, na Nukta na kazi ngumu walikuwa hawasalimiani. Akachungulia dirishani. Nje alikuwa ameketi fundi viatu wa mtaa, basi fundi viatu akaandikwa kwamba tangu Meya aingie, hata gundi inashika vizuri zaidi. Mwenye duka, ambaye juzi tu alimwita Meya mwizi wa mchana kweupe, akaandikwa kwamba humwombea kila anapofungua duka. Kutoka chumba cha mbele ikaja sauti ya mkewe na wateja wake wakimchambua huyo huyo Meya kwa lugha ambayo dodoso lolote lingeona aibu kuibeba. Nukta akachukua kalamu ya pili na kuandika: "Msusi, mwenye nyumba: 'Kwa Meya huyu, akitaka hata nyumba yangu, namwachia.'"

Alisoma alichoandika, akaguswa kidogo. Mtaa wake ukapata tisini na sita nukta tatu, na kwenye swali la mradi wa maendeleo wote walijibu kwamba wako tayari sana.

Meya alisomewa matokeo ameifumbata mikono yake juu ya tumbo. Sabini na moja nukta nne kwa mji mzima! Alimeza mate.

"Na wale walionizomea pale chooni?"

"Hao, Mheshimiwa, ndio kiwango cha makosa."

"Kiwango cha makosa," Meya alirudia taratibu, kwa raha, mithili ya mgonjwa aliyetajiwa jina la ugonjwa wake na kuambiwa unatibika. Aliposomewa maneno ya msusi alitoa leso. "Nilijua mimi. Watu wangu wananipenda, ila wana haya."

Nukta akatoka na bahasha yake. Njiani alimnunulia mkewe mashine mpya ya kukaushia nywele, ya kukalia chini yake kama malkia.

"Umepata wapi?" aliuliza msusi.

"Kwa utafiti, mke wangu."

"Umemtafiti nani?"

"Wananchi."

Msusi alimkazia macho kidogo, kisha akaichomeka mashine kwenye umeme, maana ilikuwa nzuri kweli. Akaimba siku nzima, na Nukta akajiona mume wa maana.

Hazikupita wiki nyingi wakaja wapima ardhi. Walipima uwanja uliokuwa nyuma ya nyumba, wakapima barabara, kisha wakapaka alama kubwa nyekundu kwenye ukuta wa saluni. Waliposimamisha bango, mtaa mzima ulitoka kusoma: "Dampo Kuu la Mji. Mradi umeletwa kwa ridhaa ya wananchi wa mtaa huu." Uwanja ungekuwa dampo. Saluni ingebomolewa ili magari ya taka yapite.

"Ridhaa ya nani?" fundi viatu alifoka. "Shemeji Nukta, wewe msomi, tusomee tena. Labda sisi hatujui kusoma."

Shemeji Nukta alikumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri. Lakini redio ya saluni ilimuwahi. Meya mwenyewe alikuwa hewani, sauti imejaa machozi ya furaha, akiueleza mji kuhusu mtaa unaompenda kuliko yote. Walipoulizwa, alisema, walimpenda kwa asilimia tisini na sita nukta tatu, na mradi wakaupokea wote. Na msusi mmoja wa pale, mwanamke wa kuigwa, alisema kwamba Meya akitaka hata nyumba yake, anamwachia.

Mtaa ule ulikuwa na msusi mmoja tu.

Mashine mpya iliendelea kunguruma. Msusi aliweka chanuo chini. "Mume wangu," alisema kwa upole. "Mimi nilihojiwa lini?"

"Narudi sasa hivi," alisema Nukta, akatoka mbio.

Katibu alimkaribisha kiti na maji ya moto.

"Mkuu, pana kosa," Nukta alisema akihema. "Nimerudia utafiti. Mtaa ule haumpendi tena Meya. Umeshuka mpaka nne nukta moja."

"Pole yao. Basi hatuna kura za kupoteza pale. Dampo libaki."

"Lakini walipompenda mliwapa dampo!"

"Kwa sababu anayekupenda haandamani." Katibu alipuliza maji yake. "Ndugu yangu, kabla yako walikuja watafiti wa kweli wawili. Niliwafukuza. Walitaka kwenda kuuliza watu! Anayekwenda kuuliza watu huniletea majibu ya watu. Asiyekwenda huniletea mtaa wake. Hakuna tapeli aliyewahi kubuni watu asiowaona dirishani."

Nukta alivua ile miwani yake isiyo na kazi.

"Dampo lilipangwa liwe kwenye ule mtaa mpya wenye mageti," Katibu aliendelea. "Nimemaliza kujenga pale mwaka huu. Mke wangu anapenda sana hewa ya pale. Nilihitaji mtaa mwingine unaolitaka, nawe ukanipa wa kwako. Ahsante sana. Ukitaka kukanusha, polisi wako hapo chini, mlango wa kushoto."

Nukta alirudi nyumbani kwa miguu, tena kwa njia ndefu. Alimkuta mkewe ameketi chini ya mashine, haikaushi kitu. Wateja walikuwepo, fundi viatu alikuwepo, mwenye duka alikuwepo. Akasimulia yote mbele yao, toka kitanda hadi kalamu ya pili, mpaka Katibu na mageti yake. Alipomaliza, msusi alikuwa analia. Si machozi ya ugomvi, maana hayo Nukta alikuwa ameyazoea.

"Mama yangu alikata mbao za dari hii kwa mikono yake," alisema. "Wewe umeigawa nyumba ukiwa umelala."

Nukta aliinamisha kichwa. Aliona aibu ya kweli, kitu kigeni kwake, na hakujua akiweke wapi.

Msusi alijifuta uso. "Mtaa wa huyo Katibu uliuandikia ngapi?"

"Hamsini na mbili nukta nane."

"Vizuri," alisema msusi, akaazima simu ya mteja mpaka kesho, kwa kuwa yake haikuwa na salio.

Asubuhi iliyofuata Meya alikuwa redioni kwenye kipindi cha kupiga simu. Simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya mwanamke mwenye sauti tamu.

"Mheshimiwa, mimi ni yule msusi."

"Mama!" Meya alisema, na leso ilisikika ikitoka mfukoni. "Mama wa mji!"

"Nakupongeza, baba. Ila kuna jambo linaniuma. Sisi maskini tumekupenda kwa tisini na sita. Mtaa wa Katibu wako mwenyewe umekupenda kwa hamsini na mbili. Mtu analala pale, anaamka pale, anasalimiana nao kila siku. Huwa anawaambia nini juu yako?"

Leso ilisikika ikirudi mfukoni. Kisha ukapigwa wimbo.

Kabla ya adhuhuri Katibu alimfuma Nukta kwa kinyozi. Hakuwa na maji ya moto, na upole wake alikuwa ameuacha ofisini.

"Fanya upya mtaa wangu."

"Kisayansi?"

"Upesi! Mheshimiwa amesema hawezi kukaa ofisi moja na mtu wa hamsini na mbili."

"Nikuwekee ngapi?"

Katibu alitazama huku na huku. "Zaidi ya wenu."

Nukta alimwandikia tisini na nane nukta tisa, pale pale, karatasi ikiwa juu ya goti. Kwa kuwa kazi nzuri haikosi maneno ya wananchi, aliongeza na ya mwenye nyumba mmoja, mtumishi wa umma: "Mradi wowote wa Meya, uwekeni hata nyuma ya jikoni kwangu." Katibu, kwa haraka yake, alitazama namba tu akakimbia nayo. Jioni ile Meya aliutangazia mji kwamba amepata mtaa unaompenda zaidi, na kwamba haki ni haki, mradi uende kwa wanaostahili. Wapima ardhi wakang'oa bango na kulipakia kwenye gari. Inasemekana mke wa Katibu aliwapokea getini kwa ufagio.

Nukta alirudi nyumbani kifua mbele. Alitegemea vigelegele. Alikuta begi lake mlangoni, limefungwa kwa kamba, na saluni imejaa mtaa mzima.

"Tumefanya utafiti," alisema msusi. "Tumekwenda mlango kwa mlango, tumeuliza watu. Swali lilikuwa moja: huyu aendelee kukaa hapa?"

Nukta alijaribu kucheka. "Na matokeo?"

"Mia kwa mia. Aende."

"Wote? Hata fundi viatu?"

"Mimi nilikuwa wa kwanza kuhojiwa, shemeji," fundi viatu alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu. "Na gundi inashika vizuri."

"Mia kwa mia haiwezekani, mke wangu," Nukta alisema. "Kila utafiti una kiwango cha makosa."

Msusi aliwasha mashine yake, akamkalisha mteja chini yake, na hakugeuka alipojibu.

"Kipo. Kimesimama mlangoni, na begi lake ni hilo."