Daktari Mihayo na Majina ya Ng'ombe

Chuo kimoja cha Bariadi kilitangaza, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia muhula huo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza atafanya utafiti chini ya mlezi. Mkuu wa chuo aliita hatua hiyo ya kihistoria. Walioteuliwa kupiga makofi walipiga.

Kwandu, wa mwaka wa tatu, alitaka kukusanya majina ya rangi za ng'ombe kwa Kisukuma. Bibi yake Esteria, kule Bukundi, aliyajua yote, wakati vijana wa siku hizi wanasema tu "yule wa madoadoa." Akapangiwa Daktari Mihayo, mlezi bora wa kanda.

Mwezi wa kwanza Daktari alikuwa Morogoro kwenye semina ya ulezi. Mwezi wa pili alikuwa kwenye warsha ya kutoa mrejesho wa semina. Mwezi wa tatu walikutana kwenye ngazi, akamuuliza anaendeleaje, na kabla Kwandu hajajibu akasema vizuri sana. Kikao hicho kiliandikwa kuwa saa mbili za ulezi.

Likizo ilipofika Kwandu alikwenda Bukundi peke yake. Bibi alimkataza kuandika jina lolote kabla hajaweza kumwonyesha ng'ombe mwenyewe zizini. Wiki tatu alikanyaga mbolea. Alirudi na majina sitini na manne, na bibi alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshakubali kuzikwa nayo.

Daktari alisoma ripoti, akaipenda, akafanya sahihisho moja: kwenye mstari wa "mtafiti" alifuta jina la Kwandu, akaandika lake. Alimweleza kwa upole kuwa katika taaluma mkubwa hutangulia. Kwandu akasema ahsante, akatoka.

Domitila wa masjala ndiye aliyeiingiza ripoti kwenye mfumo. Mfumo ukakataa, kwa kuwa nafasi ya mlezi ilikuwa tupu. Kazi ilikuwa na watu wawili, naye akamjaza aliyebaki, Kwandu. Na kwa kuwa programu ni ya wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao, mfumo ukampa Daktari Mihayo namba ya usajili na kitanda katika bweni la wanaume.

Daktari alikimbilia kwa mkuu wa chuo. Mkuu alimsikiliza kwa huruma. Kwa bahati mbaya alikuwa ameshaiandikia wizara kwamba mfumo haukosei. Kamati ya rufaa ilikuwepo, lakini mwenyekiti wake alikuwa Daktari Mihayo, na kanuni hairuhusu mwanafunzi kuongoza kamati. Njia iliyobaki ni kumaliza utafiti na kupata saini ya mlezi.

Daktari alimkuta Kwandu maktabani, akasimama mbele yake ameshika fomu.

"Shikamoo, Daktari," Kwandu alisema, maana adabu ni adabu. "Utayataja lini hayo majina?"

"Yamo kwenye ripoti."

"Mimi nataka unionyeshe ng'ombe."

Hadi leo Daktari yuko Bukundi, suruali imekunjwa hadi magotini. Bibi Esteria anasema ni mtu mzuri, ameshafika jina la tisa, ila huchanganya dume na jike. Kila mwisho wa mwezi Kwandu anajaza maoni ya mlezi kwa mwandiko safi: "Anajitahidi. Aongezewe muda."