Fomati ya Ondiek

Jumatatu, 4 Machi 2019
Leo nimevumbua. Shemeji Nafuna, mke wa kaka yangu, anauza unga wa ngano kwa jumla hapa sokoni Kikuubo. Tovuti yake ya kupokea oda ni kazi ya mikono yangu. Kinachoniudhi ni Ulrich, Mkongo aliyeajiriwa wiki iliyopita eti kunisaidia. Anataka oda zisafiri kwa JSON, fomati ya kawaida ya kompyuta, kama kila mtu duniani. Nimemwambia shemeji kwamba mimi si kila mtu. Nimetunga fomati yangu: jina, simu, idadi ya mifuko, vyote vikitenganishwa kwa kistari. Tovuti inaifunga oda hivyo, kompyuta ya ghalani inaifungua. Siri naijua peke yangu. Atakayenifukuza atabaki na ghala bubu.

Jumanne, 5 Machi
Ulrich ameuliza, kwa ile sauti yake ya upole ya Butembo, itakuwaje mteja akiandika kistari ndani ya jina lake. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nani ana kistari katika jina? Hoja ikafa. Oda zote zimefika salama. Nimejinunulia rolex mbili, chapati zilizoviringishiwa mayai mawili mawili. Nilistahili.

Jumatano, 6 Machi
Siku ya kihistoria. Santa, mwoka keki wa Luzira, ameagiza mifuko zaidi ya milioni mia saba. Nani Kikuubo aliwahi kupata oda kama hiyo? Ulrich akadai namba ile inafanana na ya simu. Wivu tu. Adyero, msimamizi wa ghala, hubishana na watu, kamwe si na kompyuta. Alinipigia.
"Ondiek, huyu Santa anataka milioni mia saba. Mimi natoa yenye iko."
Nikamwambia atoe yote, iliyobaki itafuata. Lori limekwenda na kurudi mpaka ghala likawa tupu. Nimesimama mlangoni kulipungia mkono.

Alhamisi, 7 Machi
Waokaji wa Mengo walikuja mapema kuchukua unga wa keki za Siku ya Wanawake, ambayo ni kesho. Wakamkuta Adyero anafagia ghala tupu. Santa naye akapiga simu akilia. Alitaka mifuko ishirini. Sasa mlango wake hauonekani kwa mifuko, mumewe katokea dirishani. Ikajulikana: kwenye nafasi ya jina aliandika "Santa-Luzira". Kompyuta ikadhani Luzira ndiyo simu, na simu ndiyo idadi.
Nafuna hakupaza sauti. "Shemeji, wale watu wa Mengo nimewalea miaka kumi. Leo wanaenda kwa jirani."
Moyo uliniuma kweli, kwa muda. Kisha nikaeleza kwamba fomati haina kosa, mwenye kosa ni Santa. Ulrich akakaa kwenye kiti changu, akabadilisha mistari miwili ya mpangilio, mmoja wa kufunga, mmoja wa kufungua. JSON. Sasa kila kitu kinasafiri kikiwa kimebandikwa jina lake. Akajaribu "Santa-Luzira", likafika zima. Adyero akapiga makofi. Makofi yale yalikuwa yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Sikukuu. Jana sikumaliza kuandika, vidole vilikataa kushika kalamu. Nilitumwa Luzira kupakia mifuko upya, nikisaidiwa na mume wa Santa. Tukaupeleka unga Mengo, mlango kwa mlango. Wengi waliupokea, na keki zimeokwa. Mmoja alinifungia mlango usoni. Nilirudi Kikuubo mweupe tangu nywele hadi viatu. Wapagazi wote wakanipisha njia. Heshima haijifichi.

Jumamosi, 9 Machi
Ulrich kaenda harusini. Shemeji kaja mezani kwangu mwenyewe. Tarehe za oda zinaonyesha mwezi kabla ya siku, zinawachanganya wateja. Akaniomba nizinyooshe, nisiguse kingine. Imani humrudia anayestahili. Nimezinyoosha kabisa. Kwa nini tutumie kalenda ya watu? Kuanzia leo mfumo unahesabu siku tangu nilipozaliwa. Jumatatu Ulrich akitaka kujua oda imeingia lini, itabidi aje aniulize, kwa adabu, siku yangu ya kuzaliwa.