Hilda Ockenden na Vita vya Ndani ya Bawa

Jongeeni, enyi wana wa nyundo na ribiti! Zimeni mashine, tulizeni ndimi, mpate kusikia habari za Hilda binti Ockenden, mfupi wa kimo, mpana wa moyo, mtambaa-mabawani asiyeogopa giza wala grisi, aliyeingia peke yake tumboni mwa bawa la ndege ya mabomu na kupambana na adui asiyehesabika. Mimi nilikuwapo, na anayebisha aje tubishane.

Zama hizo za Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda chetu cha ndege viungani mwa Wolverhampton, Uingereza, kilijaa uvumi kuliko vyuma. Ilinenwa kwamba huko kaskazini majasusi wa Kijerumani walitia sukari kwenye matangi ya petroli, ndege zikadondoka kabla ya kuiona bahari. Nani aliziona? Hakuna, ila shemeji ya mtu aliambiwa na utingo wa basi, na hilo likatutosha.

Asubuhi moja winchi ikainua bawa, na bawa likalia: kacha, kacha, kacha! Ndipo akatokea Bwana Thrupp, jemadari wa walinzi wa lango, mwenye masharubu ya fahari na filimbi asiyoiacha hata msalani.

"Hujuma!" akanguruma. "Mjerumani yumo humu humu, anakunywa chai yetu! Nikimkamata ataondoka na pingu, hata awe bibi ya mtu!"

Winnie Bagshaw, mwenzetu katika kupiga ribiti, vile vijisumari vya kuungia mabati ya ndege, akamvuta Hilda pembeni.

"Shoga, nimekwisha. Ni sukari yangu."

"Sukari gani tena?"

"Ya mgao! Ile ya vipande. Niliifunga kwenye kitambaa nikaificha bawani. Si unawajua hawa? Ukiiacha kwenye koti, saa ya chai unakuta mfuko mtupu. Nilikuwa namwekea mume wangu, akija likizo."

"Winnie, wewe nawe! Sukari, ndani ya ndege, wiki hii?"

"Watanifunga, Hilda. Bibi yangu kazaliwa Hamburg, na Thrupp anajua."

Hilda akakaza kilemba chake, akamwendea jemadari.

"Bwana Thrupp, kutambaa humo ndiyo kazi yangu. Likiwa bomu, mwambieni mama asimpe dada yangu koti langu la kijani."

"Nenda, binti. Lakini ukitoka nitakupekua mpaka kilemba!"

Akazama na tochi yake. Na tazama, kitambaa kimefunguka, jeshi jeupe la pembe nne limetawanyika kati ya mbavu za bawa, na mahali pa kulificha hapana. Basi shujaa akafungua kinywa. Vipande vya mwanzo alivitafuna kwa raha, maana utamu wa namna hiyo tulikuwa tumeusahau. Vya katikati kwa ushupavu. Vya mwisho kwa machozi, akiita jina la mama yake. Sisi nje tulisikia kruchu, kruchu.

"Anafanya nini humo?" Thrupp akauliza.

"Anakata waya wa bomu, bwana," nikamjibu. Akarudi nyuma kwa heshima.

Hilda akatoka, macho yamemtoka, na katika kitambaa cha Winnie amebeba konzi ya ribiti zilizoangukia humo siku zote.

"Ni hizi tu zilizokuwa zikilia," akasema kwa taabu.

Akapekuliwa mpaka kilemba, bawa likainuliwa, likanyamaza. Winnie akakaa chini palepale sakafuni akalia kwa furaha.

Saa ya chai, Thrupp mwenyewe akaja na kopo lake la sukari ya mgao, akalimimina lote katika kikombe cha Hilda, akakoroga kwa kalamu yake.

"Shujaa wa Uingereza hanywi chai isiyo na sukari! Kunywa, binti yangu, tukuone."

Kiwanda kizima kikasimama kutazama. Kukataa sukari mwaka ule kungetosha kumfanya mtu jasusi. Hilda akamtazama Winnie, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka majani ya chini.

"Asante, bwana," akasema. "Tamu kweli."

Waandishi wa historia, andikeni, na watoto wenu wakariri: hakutapika.