Kizunguzungu cha Jezi Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni
Kwenye mazoezi ya raga goti la Filimone limenigonga kichwani. Bahati mbaya, anasema! Huyo huyo anayeimezea mate jezi yangu namba tisa! Uwanja ukazunguka, minazi ikalala. Nikainuka nikicheka. Fainali ni Jumamosi, sikosi ng'o. Hakuna aliyegundua. Ila nilimpasia mpira mwamuzi.

Jumanne, 4 Juni
Wamegundua. Shangazi Litiana, nesi wetu, kaniambia nifumbe macho, nisimame mguu mmoja. Nikamwangukia. Nikasema ni kipandauso tu, nimerithi kwa Mama, ambaye nyumba humzunguka hata siku ambazo kichwa hakimuumi. Werevu ulioje! Shangazi akanishukuru kwa kumjulisha: mwenye kipandauso akitikisika ubongo huweza kuchelewa kupona. Akaniongezea mapumziko.

Jumatano, 5 Juni
Nimempelekea Shangazi mizizi ya yaqona, ile ya kutengenezea kinywaji chetu cha heshima, minono, imefungwa vizuri. Nikapiga magoti, nikaomba kwa heshima zote nicheze. Kwa mila yetu, anayeipokea amekubali ombi; akiipokea atakataaje? Akaipokea! Akapiga makofi, akaniombea kwa Mungu. Kisha: “Yaqona nimeipokea, mwanangu. Uwanjani huendi.” Jioni wameitwanga na kuinywa. Filimone kanywa vikombe viwili. Mimi nimepigwa marufuku hata kuonja.

Ijumaa, 7 Juni
Mama kaamka na kipandauso. Tumelala chumba kimoja chenye giza, kila mtu na kitambaa chake cha maji usoni. Nikamwambia naogopa dunia haitatulia tena. Akasema yake hutulia kila mara, na yangu itatulia, ila niache kuhema kama nguruwe. Nikacheka. Baadaye nikatazama dari. Haikusogea!

Jumamosi, 8 Juni
Tumeshinda. Filimone kafunga, ndani ya jezi yangu. Nimelia kwa furaha, na kwa hasira pia.

Jumatatu, 10 Juni
Mguu mmoja, macho yamefumbwa, sikuanguka! Shangazi kanikumbatia. Anasema nianze kutembea, kizunguzungu kisiporudi nikimbie, mwisho kabisa nikabane na wapinzani. Nitacheza tena! Filimone naye kaja kuomba msamaha na samaki wa kukaanga. Kaapa kuleta wengine kila siku hadi nipone.

Jumanne, 11 Juni
Samaki mtamu mno. Filimone alipotokea nikajitia kuyumba kidogo, nikashika nguzo, samaki wasije wakakoma. Kidogo tu! Mjinga akatupa kapu la samaki, akakimbia moja kwa moja kwa Shangazi. Kutembea kumefutwa. Narudi kitandani, naanza upya.
Hakuna shida. Kesho nampelekea Shangazi yaqona. Safari hii mizizi mikubwa zaidi.